Maswali ya Wasomaji: Irisi ya Ziwani, Ufuo Wake na Ufuo Wetu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Iris lacustris, irisi ndogo ya porini yenye maua ya buluu, ambayo duniani kote huota katika sehemu za kaskazini za mwambao wa maziwa mawili tu ya Amerika Kaskazini, yaani Ziwa Michigan na Ziwa Huron. Tulieleza kwamba Marekani iliitangaza kuwa spishi iliyo hatarini mwaka 1988, na kwamba miaka kumi baadaye jimbo la Michigan liliifanya ua lake rasmi la porini. Barua zilizofuata zimetutia moyo, kwa kuwa wengi wenu mliisoma habari hiyo mkiufikiria ufuo wa ziwa mnalolijua. Tumechagua barua sita na kuzifupisha pale ilipobidi.

Swali: Ndugu Mhariri, ninafundisha biolojia hapa Jinja. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini mmea huu umejifunga kwenye maziwa mawili, ilhali mchanga, kokoto na maji vinapatikana katika maziwa mengi. Je, kuna kitu gani katika ufuo ule ambacho hakipo kwingine? — Mwalimu, Jinja

Jibu: Mwalimu, jibu la wanafunzi wako lianze na historia ya ardhi, kisha ndipo mfike kwenye mmea wenyewe. Nchi yote iliyo na maziwa hayo leo ilikuwa imefunikwa na barafu nene katika enzi ya mwisho ya barafu, na iliachwa wazi hatua kwa hatua barafu hiyo ilipoyeyuka na kurudi kaskazini, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Maji yake yalijaza mabonde na kuwa maziwa. Baadaye maziwa yakapungua kwa vipindi, na kila kipindi kikaacha tuta la mchanga na kokoto za mawe ya chokaa mahali palipokuwa ufuo. Wataalamu wa mimea wanaiona irisi ya ziwani kuwa ndugu wa karibu sana wa Iris cristata, ambayo huishi katika misitu iliyo kusini zaidi, na wanaamini kwamba spishi hizo mbili ziliachana pale moja ilipoingia katika nchi hiyo mpya. Kwa hesabu ya miamba na mabonde, basi, mmea huu ni mgeni ambaye hajapata muda wa kusafiri mbali.

Tena hata angepata muda, hana chombo cha safari. Shina lake jembamba hutambaa juu juu katika udongo, likitoa machipukizi kila upande, hadi kipande kizima cha ufuo kinafunikwa na majani yenye urefu wa takriban sentimita 15. Uchunguzi wa jeni umeonyesha tofauti ndogo sana kati ya mimea ya sehemu mbalimbali, jambo ambalo mtazamaji hawezi kulikisia anaposimama mbele ya zulia lenye mamia ya maua, kwa kuwa zulia hilo lote laweza kuwa limetokana na mbegu moja. Mbegu zenyewe zina kinundu cheupe chenye mafuta kinachowavutia sisimizi, nao ndio huzibeba. Sisimizi ni wabebaji waaminifu, lakini safari yao huishia mita chache tu kutoka pale walipoanzia. Hakuna ndege wala upepo wa kuipeleka irisi hii hadi ziwa jingine.

Kuna jambo la tatu, na kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Irisi ya ziwani inapenda hewa ya ubaridi na unyevu inayotoka majini, udongo mwembamba juu ya mawe ya chokaa, na mwanga wa wastani chini ya mierezi na misonobari iliyoachana. Msitu ukifunga kabisa, mmea unaendelea kuwa na majani lakini maua yanapungua mwaka hadi mwaka mpaka yanakoma. Kinachozuia msitu usifunge ni ziwa lenyewe: maji yanapanda na kushuka katika mzunguko wa miaka, dhoruba zinapiga ufuo, barafu ya majira ya baridi inasukuma kokoto, na miti ya mbele inaanguka. Ninyi wa Jinja mliona mwaka 2020 jinsi Ziwa Viktoria lilivyopanda likaingia katika mialo na nyumba zilizosogea mno majini. Kwa binadamu aliyejenga pale, huo ulikuwa msiba. Kwa mimea ya ufuo, kupanda na kushuka kwa maji ni sehemu ya maisha yake. Ndiyo maana mtu akijenga ukuta wa zege kuzuia mawimbi anaweza kuiua irisi hata kama hakuigusa hata jani, maana ameizuia kazi ya ziwa.

Swali: Mhariri, nina kitalu cha miche kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Wateja wengi huniuliza irisi, na ninawauzia ile yenye maua meupe ambayo watu huiita irisi ya Afrika. Baada ya kusoma makala yenu nilifikiria kuagiza mbegu za hiyo ya ziwani. Nikiizalisha kwa wingi na kuiuza, sitakuwa nimesaidia isitoweke? — Muuza miche, Wakiso

Jibu: Ndugu yangu, nia yako ni njema na ninaiheshimu, lakini ninakushauri kwa moyo wote usiagize. Nitaanza na sababu nyepesi. Mmea huu umeumbika kuishi na majira ya baridi kali, ambapo ardhi huganda kwa miezi na shina hulala usingizi kabla ya kuchanua mwezi Mei. Wakiso hakuna usingizi huo. Utapata majani kwa muda, kisha yataoza katika mvua za masika, na fedha zako zitakuwa zimepotea.

Sababu nzito ni kwamba hata ingestawi, chungu cha maua mbele ya duka lako kisingeongeza chochote kwenye ufuo wa Ziwa Huron. Spishi huishi pamoja na udongo wake, sisimizi wake, nyuki wake na mawimbi yake. Ukihamisha mmea peke yake umehamisha sehemu moja ya jambo zima. Bustani za mimea na hazina za mbegu zina kazi yake kama akiba ya dharura, na kazi hiyo hufanywa na watu wanaojua kila mmea ulitoka kwenye kundi lipi la porini. Biashara ya mapambo haina kumbukumbu hizo, na mara nyingi mahitaji ya wateja ndiyo yanayomtuma mtu kwenda kuchimba mmea porini usiku.

Halafu kuna historia yetu wenyewe, ambayo sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria hatuna ruhusa ya kuisahau. Magugu maji yaliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa sababu maua yake ya zambarau yanapendeza. Yalipofika katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalifunga mialo, yakawanyima samaki hewa, yakawapa wavuvi hasara ya miaka mingi, na Uganda ikalazimika kuingiza fukusi maalumu katikati ya miaka ya 1990 ili wayale. Sasa fikiria irisi ya manjano ya Ulaya, Iris pseudacorus, ambayo hupenda kingo za maji na mabwawa: Amerika Kaskazini imesambaa na kuziba vinamasi, na Afrika Kusini imewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi. Mtu anayeagiza "irisi" bila kujua ni ipi anaweza kuletewa hiyo. Kwa sababu hizi sheria inataka kila mbegu au mche unaotoka nje upate kibali cha Wizara ya Kilimo, Viwanda vya Mifugo na Uvuvi pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kibali hicho kiheshimu hata pale ambapo hakuna anayekuchungulia.

Kuhusu ile nyeupe unayouza, uwezekano mkubwa ni Dietes iridioides, mmea wa familia moja na irisi, ambao hukua kiasili kuanzia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Kila ua lake huishi siku moja tu, lakini mengine hufuata, na kivuli cha wastani haliogopi. Endelea kuuza huo. Waeleze wateja wako kwamba wana mmea wa bara letu. Wengi watafurahi zaidi wakilijua hilo.

Swali: Salamu kwa Mhariri. Nilifanya kazi Jordan kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani Bombo. Siku moja familia niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinipeleka nje ya mji kuona ua jeusi, na mzee mmoja akaniambia kwamba nyuki hulala ndani yake. Sikujua kama ni kweli au ni hadithi ya kuniburudisha. — Mama wa watoto watatu, Bombo

Jibu: Mama, mzee alikueleza kweli tupu. Uliloliona ni Iris nigricans, ua la taifa la Jordan, ambalo rangi yake ya zambarau imekolea hadi jicho linaiona nyeusi. Ni mmoja wa kundi la irisi za Mashariki ya Kati ambazo hazina nekta, yaani maji matamu ya ua, ya kumlipa mdudu. Badala yake, kila ua lina vijia vitatu vyenye giza, na jioni nyuki madume wa jenasi ya Eucera, ambao hawana mzinga wa kurudi kwa kuwa ni nyuki wanaoishi mmoja mmoja, huingia humo kulala. Watafiti wamepima na kukuta kwamba jua la asubuhi linapolipiga ua hilo jeusi, ndani hupata joto mapema kuliko hewa ya nje, hivyo nyuki huamka na kuruka mapema. Kwa kuwa huenda hutafuta malazi katika ua zaidi ya moja kabla ya kutulia, huhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu linahusu moja kwa moja uhifadhi wake. Irisi hizi haziwezi kujichavusha. Zinahitaji chavua ya mmea mwingine wenye jeni tofauti. Ndugu yake mmoja, Iris atropurpurea, huishi katika mchanga wa pwani ya Israeli tu, eneo ambalo sasa limejaa miji, na viraka vilivyobaki vimezungukwa na majengo, kikiwamo kimoja kinachojulikana sana mjini Netanya. Kiraka kikiwa kidogo na kimekatwa na barabara pande zote, mimea inaweza kuchanua vizuri kila mwaka na watu wakaja kupiga picha, huku mbegu zikipungua kwa kukosa nyuki wanaotoka kwingine. Uzuri wa maua huficha hatari. Hali hiyo inanihuzunisha kuliko kuona shamba lililolimwa, kwa sababu hakuna anayeshtuka.

Swali: Je, Uganda tuna irisi ya porini? — Msomaji, Kapchorwa

Jibu: Jenasi yenyewe ya Iris, yenye spishi zinazokaribia 300, ni ya nusu ya kaskazini ya dunia, na haikufika kwetu. Familia yake, hata hivyo, ipo, na wewe uliye Kapchorwa uko mahali pazuri pa kuitafuta. Kwenye nyasi za juu za Mlima Elgon huota Hesperantha petitiana, yenye maua madogo ya waridi. Mbugani katika sehemu nyingi za nchi utakuta Gladiolus dalenii, yenye maua ya rangi ya machungwa na manjano, ambayo ni mmoja wa wazazi wakuu wa gladiola zinazouzwa na wauza maua duniani kote. Na Aristea, ambayo maua yake ya buluu hufunguka asubuhi, ndiyo itakayokukumbusha irisi kuliko zote.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mliandika kwamba sheria ya Marekani inailinda irisi hii tangu 1988. Mimi ni karani katika ofisi ya wilaya, na ninajua kwamba sheria na utekelezaji ni mambo mawili. Imelindwaje hasa? Na mmea wenye maelfu ya machipukizi unawezaje kuitwa adimu? — Karani, Mbale

Jibu: Nianze na swali lako la pili. Uadimu hauhesabiwi kwa machipukizi peke yake. Irisi ya ziwani inaweza kuwa nyingi sana mahali inapopatikana, lakini mahali penyewe ni ukanda mwembamba wa ufuo katika majimbo ya Michigan na Wisconsin na katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, na ukanda huo ndio ambao kila mwenye fedha anautaka kwa nyumba ya mapumziko. Mbali na nyumba kuna upanuzi wa barabara, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, dawa za kuua magugu, magari yanayoendeshwa juu ya mchanga, na miguu ya wageni. Ukipoteza ukanda huo, hakuna kwingine.

Sheria inayohusika ni ile ya shirikisho ya mwaka 1973 kuhusu spishi zilizo hatarini, na hapo utaona ulilolisema. Mnyama aliyeorodheshwa analindwa popote alipo, lakini mmea unalindwa kwa nguvu zaidi katika ardhi ya serikali ya shirikisho na katika miradi inayohitaji fedha au kibali chake. Katika ardhi ya mtu binafsi mkono wa sheria hiyo ni mfupi, isipokuwa pale sheria ya jimbo inapouongezea urefu. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa kwa kununua ardhi, kuwaomba wamiliki waahidi kwa maandishi kutojenga, na kuwaonyesha kwamba kile walichodhani ni nyasi za kukatwa ni mmea usiopatikana kwingine duniani. Mfano unaonivutia ni wa Baileys Harbor, Wisconsin. Mwaka 1937, nusu karne kabla ya irisi kuorodheshwa, wenyeji walipinga mpango wa kuigeuza ardhi ya umma ya ufuoni kuwa kambi ya magari ya watalii, wakaanzisha hifadhi ya Ridges Sanctuary, na irisi ingali inachanua humo juu ya matuta yaliyoachwa na ziwa. Kazi ya kutafuta nayo ina faida: Kanada ilikuwa imeiweka katika daraja la spishi zilizo hatarini mwaka 2004, na baada ya makundi zaidi kupatikana, tathmini ya mwaka 2010 ikaishusha hadi daraja jepesi zaidi la uangalizi maalumu. Kushuka huko hakukumaanisha kwamba walinzi waende nyumbani, kwa kuwa ufuo bado unauzwa.

Kwa kuwa unafanya kazi wilayani, ruhusu nikurudishe nyumbani. Kanuni zetu za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimetenga ukanda wa mita 200 kutoka maji ya maziwa makubwa, na mita 100 kwa maziwa mengine. Watu wengi huuona ukanda huo kama kikwazo cha ujenzi, na ofisi nyingi huukumbuka mafuriko yanapokuja. Mimi ninauona kuwa tunu, kwa sababu Wamarekani wanaohifadhi irisi wanalazimika kununua kwa bei ya juu kitu ambacho sisi tayari tumekiandika katika sheria. Tena tunayo mimea inayohitaji uangalifu huo kwa haraka zaidi. Encephalartos whitelockii, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi, hujulikana katika bonde la Mto Mpanga magharibi mwa nchi yetu na si penginepo, uko katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka, na bwawa la umeme lilijengwa papo hapo. Nchi inahitaji umeme, sipingi hilo. Lakini uamuzi wa mahali pa kujenga hufanywa katika ofisi kama yako, kwenye karatasi za tathmini ya mazingira, na karani anayeuliza kama mtaalamu wa mimea alitembea eneo hilo katika msimu wa maua anaweza kufanya zaidi ya mabango mengi.

Swali: Ninasoma chuo Mbarara na ningependa kuanza kurekodi mimea adimu ya kwetu. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Mbarara

Jibu: Anza na kuangalia kile ambacho tayari kimekusanywa. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, na Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, inakupa nafasi ya kuona miti mingi ikiwa hai. Ukienda porini, andika tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, aina ya udongo, kiasi cha kivuli, mimea iliyo jirani na mdudu uliyemwona juu ya ua. Piga picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, ya jani, na ya eneo zima. Mahali penye mmea adimu usipatangaze kwenye mitandao ya kijamii. Peleka taarifa kwa wataalamu. Ndani ya hifadhi ya taifa usikate chochote bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Nje ya hifadhi, omba ruhusa kwa mwenye ardhi, kata shina moja lenye ua na jani pale tu kundi linapokuwa kubwa, na uache sehemu ya chini ya ardhi mahali pake. Kundi likiwa na mimea michache, picha na maelezo vinatosha.